Kutunga Muziki wa Michezo ya Video: Je, Ni Riziki kwa Mwanamuziki wa Mombasa?

Miongoni mwa wanamuziki vijana wa Mombasa kuna mjadala unaostahili kupewa uzito kuliko unavyopewa sasa. Upande mmoja wamo wanaoamini kwamba kutunga muziki wa michezo ya video, au gemu kama wengi wanavyoiita, ni kazi ambayo kijana mwenye kompyuta, kinanda kidogo na intaneti anaweza kuifanya akiwa Kisauni au Likoni na kulipwa na mtu aliye Stockholm au Tokyo. Upande wa pili wamo wazazi, walimu wa muziki na wapigaji wakongwe wa bendi za hotelini na za arusi, ambao wanauliza swali fupi: ni nani hapa kwetu aliyeoa, akajenga na kusomesha watoto kwa kazi hiyo? Swali hilo si la kubezwa, kwa maana anayeliuliza mara nyingi ndiye anayelipa stima inayoendesha hiyo kompyuta. Mimi naegemea upande wa vijana, lakini kwa sharti moja, na sharti lenyewe ni la mkataba zaidi kuliko la kipaji.

Kabla ya kupima faida na hasara, ni muhimu kazi yenyewe ieleweke, kwa kuwa lawama nyingi hutokana na kuifananisha na kurekodi nyimbo. Anayerekodi wimbo anajua utaanzia wapi na kuishia wapi, na msikilizaji hana budi kuufuata. Mtunzi wa gemu hana uhakika huo: mchezaji mmoja atavuka mlango kwa nusu dakika, na mwenziwe atazungukazunguka mbele ya mlango huohuo kwa saa nzima, na muziki uleule unapaswa kuwafaa wote wawili bila kumchosha wa pili. Katika Space Invaders, mchezo uliotoka Japani mwaka 1978, muziki ulikuwa noti nne tu zinazoshuka na kurudiwa, lakini kasi yake ilipanda kadiri pambano lilivyopamba moto. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, mashine ya Nintendo ilimpa njia tano za sauti, na mojawapo ilikuwa ya mvumo mtupu uliotumiwa badala ya ngoma. Hata hivyo mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa vizazi, ukiwa wa kwanza wa gemu kupewa heshima hiyo. Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya gemu ya LucasArts walitumia mfumo walioubuni, uitwao iMUSE, kuufanya muziki uhame kutoka mandhari moja hadi nyingine bila kukatika. Programu za leo kama FMOD na Wwise zinaendeleza kazi hiyohiyo, na anayetaka kuajiriwa sharti azijue kama anavyokijua kinanda chake.

Chukua mfano wa mchezo wa nahodha anayeng'oa nanga Bandari ya Kale kuelekea Lamu. Bahari ikiwa shwari, unasikika udi peke yake. Kusi ikianza kuvuma na tanga kujaa, tashkota, chombo cha nyuzi chenye vitufe, inaingia juu ya udi. Mashua ya maharamia ikionekana, ngoma ya chapuo inaanza. Ikisogea karibu, ngoma za msondo na vumi zinajiunga, na mwendo wa sita kwa nane wa chakacha, ngoma ya Pwani, unatawala. Ili hayo yawezekane, kila chombo hurekodiwa peke yake, kwa kasi moja na kwa urefu mmoja, na kila kimoja kiweze kusimama bila kumtegemea mwenzake, kwa sababu atakayeamua nani aingie na lini ni mchezaji. Kisha kuna suala la mshono: pale sehemu inapokwisha na kuanza upya, mlio wa mwisho wa udi lazima uendelee kusikika juu ya noti ya kwanza, la sivyo sikio litanasa mkato kila baada ya sekunde arubaini na mchezaji atazima sauti kabisa. Na bado hatujafika kwenye simu, ambayo ndiyo chombo wanachochezea wengi barani Afrika. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa mvumo wa chini wa vumi, kwa hiyo mtunzi anayejua kazi yake huuhamishia mdundo huo kwenye tari au kayamba, na huyabana mafaili yake ili mtu asimalize bando kwa kupakua muziki. Huu ni ufundi hasa. Wanaodai kwamba ni kubofyabofya vitufe hawajaketi kuutazama ukifanywa.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya vijana inapopata nguvu. Mtu aliyekulia Mombasa ana sikio lililolelewa na mengi kwa wakati mmoja. Taarabu ya mji huu haikuwahi kujifungia: Zein l'Abdin aliupiga udi kwa namna iliyounganisha Lamu na Bara Arabu, Juma Bhalo akaimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na kundi la Zuhura Swaleh likaifanya tashkota kuwa sauti ya arusi za Pwani, ingawa asili ya chombo hicho ni taishogoto ya Japani, nchi ileile iliyoizaa Nintendo. Ongeza ngoma za Mijikenda, kwaya za makanisa ya Tudor na Changamwe, na kaswida za Maulidi, na utaona kwamba kijana wa hapa amekwisha kusikia mizani na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo mtunzi wa kwingineko huyatafuta katika maktaba za sauti za kununua.

Maktaba hizo zina hatari ambayo historia ya gemu imeionyesha waziwazi. Mwaka 1998 Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, na ndani ya hekalu lake la moto mlikuwa na sauti za ibada ya Kiislamu zilizochukuliwa kutoka katika mkusanyiko wa sauti unaouzwa, matoleo ya baadaye yaliondolewa sauti hizo. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2008, Sony iliahirisha kutoa LittleBigPlanet duniani kote na kuzirudisha nakala zilizokwisha kusambazwa, baada ya kugunduliwa kwamba wimbo mmoja wa Toumani Diabaté wa Mali uliotumiwa humo ulikuwa na maneno ya Kurani. Ni haki kusema kwamba Diabaté mwenyewe alikuwa Mwislamu na hakuona kosa, kwa kuwa katika utamaduni wake muziki na dini havijatengana hivyo. Waislamu hawana kauli moja juu ya jambo hili, na Mombasa pia hawana. Lakini mtoto yeyote wa madrasa za Majengo au Kibokoni angeinua kichwa mara ya kwanza tu alipozisikia sauti hizo, na angeuliza kama waliohusika wanajua walichokiweka. Maarifa ya namna hii yana thamani ya fedha. Kampuni iliyolazimika kurudisha shehena ya diski ingefurahi kumlipa mapema mtu wa kuisikilizia.

Kwa bahati mbaya, mfano mkubwa kuliko yote wa Kiswahili katika muziki wa gemu unaunga mkono pande zote mbili. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo uitwao "Baba Yetu", ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mtunzi wake ni Christopher Tin, Mmarekani, na walioimba rekodi ya mchezo walikuwa wanafunzi wa kundi la Talisman la Chuo Kikuu cha Stanford. Februari 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy katika kitengo cha mpangilio wa muziki unaoandamana na waimbaji, ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo hiyo. Anayependa lugha yake hawezi kuusikia bila kuguswa, nami nauheshimu. Kijana wa Mombasa ana haki ya kusema: iwapo lugha yetu ilifika huko, na sauti zetu zitafika. Mkongwe naye ana haki ya kujibu kwamba lugha ilifika, lakini aliyelipwa hakuwa mtu wetu. Na ukiuliza Tin aliipataje kazi hiyo, jibu ni kwamba Soren Johnson, msanifu mkuu wa mchezo huo, aliwahi kuishi naye chumba kimoja walipokuwa Stanford. Hapakuwa na hila yoyote; kipaji kilikuwapo na kazi ilikuwa bora. Ila kipaji kilikuwa karibu na mwenye kazi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hii ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaopinga. Kazi ya kutunga muziki wa gemu hugawanywa zaidi kwa kujuana kuliko kwa matangazo. Msanifu humwita mtunzi aliyefanya naye kazi, au aliyeketi naye katika mkutano wa watengenezaji, au aliyesifiwa na rafiki. Mombasa haina studio nyingi za gemu za kumzoesha mtunzi chipukizi, na hata Nairobi, ambako Black Division Games ilitoa Nairobi X mwaka 2015, tasnia bado ni changa. Tazama pia Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa Aprili 2024 uliotokana na visa vya jamii za Kibantu, ukiongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na ambao mazungumzo yake yanaweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Muziki wake ulitungwa na Nainita Desai, mtunzi wa Uingereza mwenye uzoefu mkubwa. Sisemi hilo kumlaumu yeyote, kwa maana kazi yake ni nzuri. Nasema tu kwamba hata hadithi inapotoka kwetu, mwito wa kwanza huenda kwa aliye jirani na studio. Tena, miezi michache baada ya mchezo huo kutoka, studio iliyoutengeneza ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Mwaka huohuo Microsoft ilikata nafasi 1,900 katika idara yake ya michezo, na Sony nafasi 900 upande wa PlayStation. Wimbi linalowafagia walio ndani halimngojei aliye mlangoni.

Pamoja na hayo, umbali si ukuta usio na ufa. Nobuo Uematsu, ambaye muziki wake wa Final Fantasy ulianza kusikika mwaka 1987, hakusomea muziki chuoni. Alikuwa akifanya kazi katika duka la kukodisha muziki jijini Tokyo pale mtu wa kampuni ya Square alipomwuliza kama angependa kutunga. Mjerumani Daniel Rosenfeld, anayejiita C418, alijuana na mwanzilishi wa Minecraft, Msweden, kupitia mazungumzo ya intaneti kabla mchezo haujawa chochote, na albamu yake ya kwanza ya muziki huo ikatoka mwaka 2011. Alichokuwa nacho ni vifaa vya kawaida na ujasiri wa kutunga muziki mtulivu mahali ambapo wengine wangeweka vishindo. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009, kwa hiyo hapa ndipo mlango wenyewe ulipo, na tangu mwaka 2018 fedha za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa. Kijana anayejiunga na mashindano ya mtandaoni ya kutengeneza gemu kwa siku mbili au tatu, akamtungia muziki msanifu asiye na fedha lakini mwenye bidii, anajenga ukaribu uleule ambao Tin aliupata chumbani. Ni njia ndefu na ya jasho, ila ni njia.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wanapotaka jibu. Mpigaji wa hotelini Nyali au Diani hulipwa usiku uleule au mwisho wa wiki, na wa arusi hulipwa kabla hajafunga vyombo. Mtunzi wa gemu asiyeajiriwa mara nyingi hulipwa kwa kila dakika ya muziki uliokamilika, nusu mwanzoni na nusu mwishoni, na kati ya nusu hizo inaweza kupita miezi. Ukilinganisha mwezi mmoja na mwezi mmoja, hoteli inashinda. Lakini ulinganisho huo hauko kamili. Riziki ya hoteli za Pwani huporomoka msimu wa masika, na mara nyingine huporomoka kwa sababu zisizohusiana kabisa na muziki: Mei 2014 watalii wa Uingereza waliondolewa kwa ndege kutoka Mombasa baada ya serikali yao kutoa onyo la usalama, na mwaka 2020 korona ilifunga hoteli na kuzima arusi kwa pamoja, wakati ambapo watu waliofungiwa nyumbani walikuwa wakicheza gemu kuliko kawaida. Mwanamuziki mwenye milango miwili ya kupata riziki aliweza kuvumilia miaka hiyo kuliko mwenye mmoja. Kwa sababu hiyo siwashauri vijana waache bendi ili wajifungie na kompyuta. Mapato ya gemu kwa miaka ya mwanzo yatakuwa ya kuongezea, na anayeanza akidhani vingine atakata tamaa kabla hajajulikana.

Kuna tofauti nyingine kubwa kuliko ya kiasi cha malipo, na nashangaa jinsi isivyozungumzwa. Mpigaji wa arusi akimaliza, anaondoka na udi wake na nyimbo zake. Mtunzi wa gemu mara nyingi huondoka mikono mitupu, kwa kuwa mkataba wa kawaida humtaka auze haki zote kwa malipo ya mara moja. Mchezo ukiuza nakala elfu moja au milioni kumi, kwake ni sawasawa. Wapo waliochagua ajira na kutulia: Kondo aliajiriwa na Nintendo mwaka 1984 na amefanya kazi huko maisha yake yote, na sidhani kuna anayeweza kusema amepoteza, kwa maana mshahara wa uhakika na heshima ya kazi ni malipo. Yupo pia Rosenfeld, ambaye hakuuza umiliki wa muziki wake wa Minecraft. Microsoft ilipoinunua kampuni ya mchezo huo mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, muziki ulibaki kuwa wake, na mwaka 2025 albamu yake ikaingizwa katika orodha ileile ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Uamuzi huo nao haukuwa wa bure, kwa sababu nyongeza za baadaye za mchezo zilipata watunzi wengine, akiwemo Lena Raine mwaka 2020. Kila mmoja alijua alichokuwa akibadilishana. Kijana wetu, kwa jumla, hajui.

Na kutojua huko kunamgharimu kuliko anavyodhani, kwa sababu ya sheria yetu wenyewe. Wengi huamini kwamba pasipo mkataba wa maandishi muziki unabaki kuwa wa aliyeutunga. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinaelekeza vingine: hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, au ikiwa imefanywa ndani ya ajira, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana tofauti. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umetoa. Msanifu wa Nairobi akikupigia simu na kusema, "Kaka, nitungie dakika tano za muziki wa vita, nitakutumia elfu ishirini," nawe ukatunga na kutuma bila kuandikiana lolote, sheria inamwona yeye kuwa mwenye mali. Kinachobaki mkononi mwako ni haki ya kutajwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yako isiharibiwe, na mrabaha hautoki hapo. Hakimiliki ya muziki nchini hudumu kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ujumbe mmoja wa simu unaweza kuwaondolea wajukuu wako kitu ambacho hukujua kwamba ulikuwa nacho. Studio ya ng'ambo kwa kawaida itaandika kwamba mkataba unafuata sheria za kwao, jambo linaloongeza sababu ya kuusoma wote hadi mwisho.

Baadhi ya wakongwe hudhani pengo hilo litazibwa na vyama vya kukusanya mirabaha kama MCSK, chama cha hakimiliki ya muziki cha Kenya. Haliwezi kuzibwa hivyo, hata kama vyama hivyo vingefanya kazi bila migogoro ya leseni iliyoviandama. Vyama hukusanya hasa pale muziki unapochezwa hadharani: hotelini, redioni, katika matatu. Mtu anayecheza gemu sebuleni kwake hachezi muziki hadharani, na hata kuupakua, kwa sheria ya Marekani, hakuhesabiwi hivyo. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba kupakua wimbo si kuucheza hadharani. Fedha ya mtunzi wa gemu, basi, imo ndani ya mkataba wake na mwenye mchezo, na katika albamu anayoweza kuiuza mwenyewe endapo mkataba umemwachia haki hiyo.

Hoja ya akili unde imekuja juu ya hayo yote. Programu kama Suno na Udio zinatoa muziki mzima kwa sentensi moja ya maelekezo, na Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi za Marekani zilizishtaki zikidai zimefunzwa kwa nyimbo zao bila ruhusa. Vijana wengi hujifariji kwamba mashine haiwezi kupiga chakacha. Faraja hiyo naiona dhaifu: ikiwa haiwezi leo, itajaribu kesho, na mnunuzi asiyeijua chakacha hatatofautisha. Ninachokihofia zaidi ni kazi zile ndogondogo, za muziki wa kujaza nyuma katika gemu za simu za bei nafuu, ambazo zamani zilikuwa ngazi ya kwanza kwa anayeanza. Zikifutika, mtunzi atatakiwa kuwa fundi kabla hajapata pa kujifunzia. Kinachobaki na thamani ni kile kinachohitaji mtu ndani ya timu: kuketi na msanifu, kuelewa kwa nini mchezaji anaogopa chumba fulani, kuunganisha tabaka za muziki na matukio ya mchezo, na kurekodi mpigaji halisi ambaye vidole vyake vinapita katikati ya noti za kinanda.

Huyo mpigaji halisi naye ana haki zake, na hapa mtunzi kijana anaweza kugeuka kuwa mdhulumu bila kujua. Akimwita mzee wa zumari kutoka Mji wa Kale, akamrekodi alasiri nzima kwa nauli na chai, kisha akaiuza sauti hiyo ndani ya gemu, amefanya kwa mzee kile anachokilalamikia kwa studio. Lazima mzee aelezwe sauti inakwenda wapi, alipwe ipasavyo, na jina lake liandikwe. Vilevile si kila mdundo wa Pwani ni wa kuuzwa. Zipo ngoma za pepo na za tiba, na zipo nyimbo za kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, ambazo wenyewe wanazitunza kwa masharti. Kuzitumia kumchangamsha mchezaji anayekimbiza maharamia ni kuvunja heshima, na mtunzi wa Mombasa hana kisingizio cha ugeni kama walichokuwa nacho wale wa Japani.

Kwa kupima hayo yote, wazazi wana haki kuhusu miaka ya mwanzo na vijana wana haki kuhusu mwelekeo, lakini hakuna upande ulioligusa vya kutosha suala la umiliki, ambalo ndilo litakaloamua kama kazi hii itawafaa watu wetu au itawatumia tu. Kituo kama Swahilipot Hub, ambacho tayari huwakutanisha wasanii na wataalamu wa teknolojia, kingeweza kuandaa mkataba wa mfano kwa Kiswahili, ulioandikwa na wakili wa hakimiliki, wa kurasa mbili tu, ili msanifu na mtunzi wa hapa waujaze kabla noti ya kwanza haijapigwa. Ndani yake iandikwe kwamba mtunzi anaukodisha muziki kwa mchezo huo mmoja na kubaki na hakimiliki, au, kama anauza, bei ya kuuza itofautishwe na bei ya kutunga na aruhusiwe kutoa albamu. Studio changa isiyo na fedha iruhusiwe kulipa kidogo mwanzoni, na badala yake itoe sehemu ya mapato baada ya mauzo kufikia kiwango kilichokubaliwa. Jina la mtunzi na la kila mpigaji lionekane ndani ya mchezo. Na kwa kuwa gemu nyingi hufa kabla hazijakamilika, pawe na tarehe ambayo, ikifika na mchezo haujatoka, muziki unarudi kwa mtunzi bila kudaiwa malipo aliyokwisha kupokea.